Kaka Yangu ni Askari, na Mezani Tulicheka

*Mpendwa mshauri,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nakuru. Ni mshirika wa kanisa kwa miaka mingi na mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama. Kaka yangu ni askari polisi. Mume wangu alipofariki, kaka ndiye aliyemlipia kifungua mimba wangu karo hadi chuo kikuu, kwa hiyo mbele yake sina mdomo.*

*Sikukuu ya Pasaka alikuja kwetu. Tulipomaliza kula akaanza hadithi za kazi. Akasema walimkamata kijana mmoja kwa wizi wa pikipiki, wakamweka seli siku tatu bila kumfikisha kortini, wakamtia pingu na kumpiga nyayo kwa rungu mpaka akataja wenzake wawili. Akasema hadi leo kijana yule hawezi kuvaa viatu. Watu mezani walicheka. Hata mimi nilicheka. Duka langu lilivunjwa mwaka jana, na nilipomsikia kaka nikasema moyoni, angalau mmoja wao ameonja.*

*Binti yangu, huyo huyo aliyesomeshwa na mjomba wake, hakucheka. Aliacha kwenda kanisani akiwa chuoni na husema haamini tena. Alimwambia mjomba wake mbele ya wageni kwamba alichofanya ni jinai. Kisha akanigeukia: "Mama, ninyi ndio wenye Mungu. Mbona ninayesema ni mimi nisiye naye?" Kaka aliinuka akaondoka, na tangu siku hiyo hapokei simu zangu.*

*Nilimwendea mchungaji. Alinisomea Warumi 13, kwamba mamlaka yamewekwa na Mungu, akaniambia niombee amani ya familia. Lakini usiku sipati usingizi. Je, kunyamaza kwangu ni dhambi? Binti yangu asiyeamini anaweza kunifundisha mimi lililo haki? Na nimfanyeje kaka yangu bila kuvunja ukoo wetu?*

*Dada wa Askari, Nakuru*

Dada yangu,

Nitaanza na kile kicheko, maana umekitaja kwa maneno machache kisha ukakipita mbio. Duka lako lilivunjwa. Mtu aliyefika kazini asubuhi akakuta kufuli limekatwa na rafu tupu ana haki ya kukasirika, na kwa hasira hiyo sikulaumu. Lakini mfikirie kaka yako pale mezani. Askari anayewasimulia jamaa zake, siku ya Pasaka, jinsi alivyompiga nyayo mtu aliyetiwa pingu, hatafuti sifa za kazi tu. Anataka kujua kama akivua sare bado ni kaka mwema na mjomba mwema. Mlipocheka, mlimjibu kwamba ndiyo. Binti yako peke yake ndiye aliyempa jibu jingine, nalo lilimchoma. Asiyejali angelicheka pia hilo, akaendelea kunywa chai.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka. Kunyamaza kwako ni kosa, na kwa imani yako mwenyewe ni dhambi. Si kubwa kama ya aliyeshika rungu, wala haikufanyi mama mbaya. Ila mateso ya selini hulindwa na ruhusa ya walio nje ya seli, na ruhusa hiyo hutolewa mezani, kwenye matatu, kwenye vikundi vya WhatsApp, na kanisani pale mchungaji anapomsoma Paulo nusu.

Mrudie mchungaji wako kwa heshima, umwombe amsome Paulo huyo huyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 22. Paulo amekamatwa Yerusalemu. Kamanda wa jeshi la Kirumi anaagiza aingizwe kambini ahojiwe kwa mijeledi, ili ijulikane kwa nini umati unampigia kelele. Ona mpango wenyewe: kuna mshukiwa, kuna swali, na kuna kiboko cha kutafutia jibu. Ndicho hasa alichofanya kaka yako. Paulo, akiwa tayari amefungwa kamba, hakuinamisha kichwa kwa sababu mamlaka yametoka kwa Mungu. Alimuuliza afisa aliyesimama karibu naye kama sheria inaruhusu kumpiga raia wa Roma ambaye hajahukumiwa. Waliokuwa wamejiandaa kumhoji wakajiondoa, na kamanda mwenyewe akaingiwa na hofu. Kisha mchungaji arudi nyuma hadi sura ya 16, kule Filipi. Paulo na Sila wamepigwa hadharani bila kesi, na asubuhi wakuu wa mji wanatuma watu wawafungulie kimya kimya. Paulo akakataa kutoka kwa siri. Akataka wakuu hao waje wenyewe kumtoa.

Aliyeandika Warumi 13, basi, alikuwa mtu aliyezijua fimbo za serikali mgongoni mwake, na zaidi ya mara moja aliiambia serikali hiyo kwamba imevunja sheria yake yenyewe. Kutii mamlaka hakukumfanya ayafiche makosa yao.

Najua barua yako itasomwa pia na wasiokuwa wa kanisa, kwa hiyo nao niwaambie neno. Waislamu wanayo katika hadithi alizokusanya Imamu Muslim habari ya sahaba Hisham bin Hakim. Alipita Sham, yaani eneo la Syria, akakuta wakulima wamesimamishwa juani, wamemiminiwa mafuta kichwani, kwa sababu ya kodi. Akawakumbusha watu kauli ya Mtume kwamba Mungu atawaadhibu wanaowaadhibu binadamu duniani, akaenda kwa gavana kumweleza hayo hayo, na watu wale wakaachiliwa. Hisham hakuulizwa kama ana undugu nao. Aliona, akasema, tena akasema mbele ya mwenye uwezo wa kulizuia jambo lile.

Sasa lipo jambo ambalo binti yako akilisema utaumia, kwa hiyo heri nilitangulize mimi. Wenye dini hawana rekodi safi. Mwaka 1252 Papa Innocent wa Nne alitoa waraka ulioruhusu walioshukiwa uzushi wateswe ili wakiri. Kwa karne kadhaa baada ya hapo watu walitenguliwa viungo huku msalaba ukining'inia ukutani. Lakini binti yako naye asijivune upesi. Dola ya Kisovieti, iliyofundisha watoto wake kwamba Mungu hayupo, iliwavunja watu mbavu katika vyumba vya mahojiano enzi za Stalin mpaka wakakiri ujasusi ambao hawakuwahi kuufanya. Imani haikumzuia mtesi, na kutoamini hakukumzuia pia. Kwa hiyo swali la nani kati yenu wawili ana Mungu halitawafikisha popote. La kujiuliza ni nani kati yenu atawaambia watu wake mwenyewe kwamba hili halifanyiki.

Hapo ndipo binti yako alipokutangulia. Unauliza kama anaweza kukufundisha lililo haki. Amekwisha kukufundisha, ndiyo maana hulali. Hakuhitaji aya ili kujua kwamba nyayo za mtu zikipigwa zinauma, kwamba aliyefungwa mikono hawezi kujikinga, na kwamba serikali inayomfanyia hivyo mmoja leo imejipa uwezo wa kumfanyia yeyote kesho. Wewe unayo sababu nyingine juu ya hizo: unaamini kijana yule ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwamba Bwana unayemwabudu alipigwa kofi na askari katikati ya mahojiano, akauliza kwa nini anapigwa. Sababu zenu zinatofautiana, na si lazima mmoja amvute mwenzake upande wake ndipo mfanye kazi pamoja.

Wakenya tumewahi kuyaona yote mawili, mateso na watu wa imani mbalimbali wakishirikiana kuyapinga, jijini Nairobi, katika vyumba viwili vya chini ya ardhi vilivyo karibu kiasi cha kwenda kwa miguu kutoka kimoja hadi kingine.

Cha kwanza kiko chini ya Nyayo House, jengo refu la serikali ambako hadi leo watu hupanga foleni ya pasipoti. Katika miaka ya 1980, hasa msako wa vuguvugu la siri la Mwakenya ulipopamba moto mwaka 1986 na 1987, watu walishushwa humo wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Seli zilimwagiwa maji na mtu akaachwa ndani yake uchi, siku kwa siku, kisha akapandishwa orofa za juu kuhojiwa. Mfanyabiashara Peter Njenga Karanja alikufa Februari 1987 baada ya kushikiliwa na polisi. Mwezi huo huo wakili Gibson Kamau Kuria, aliyekuwa akijiandaa kuishtaki serikali kwa niaba ya wateja walioteswa, naye akawekwa kizuizini. Juu ya vichwa vya watu hao wafanyakazi wa serikali waliingia na kutoka ofisini, na Jumapili nchi ilijaa makanisani kama kawaida.

Cha pili kiko chini ya kanisa kuu la All Saints. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda Uhuru Park wakagoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Pale bustanini walikuja watu ambao hawakuwa wamewahi kufungua kinywa, wakasimulia mbele ya umma yaliyowapata mikononi mwa polisi. Tarehe 3 Machi askari wakawavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi, na baadhi ya kina mama wazee wakavua nguo mbele ya vijana wale wenye silaha, laana ambayo kila mwana wa Kiafrika anaielewa. Kanisa likawafungulia mlango. Walikaa katika chumba kile cha chini kwa takriban mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipotoka jela mwanzoni mwa 1993.

Wana wenyewe hawakuwa wote watu wa ibada. Mwakenya lilikuwa vuguvugu la mrengo wa kushoto, na miongoni mwa waliokamatwa kwa jina lake walikuwamo waliotaraji mabadiliko kutoka kwa wafanyakazi na wakulima kuliko kutoka madhabahuni. Akina mama waliimba nyimbo za kanisa. Maathai aliongea kwa lugha ya mazingira na haki za raia. Hakuna aliyetakiwa kukariri Imani ya Mitume kabla ya kupewa godoro. Na kumbuka kwamba wakati huo huo yalikuwapo makanisa yaliyonyamaza, na viongozi wa dini waliomsifu rais kila Jumapili mbele ya kamera. Wewe na kikundi chako mna nafasi ya kuchagua mnataka kufanana na kanisa lipi.

Tuje kwa hoja ya kaka yako, ambayo bila shaka atakurudishia: kwamba kipigo kilifanya kazi, kijana akataja wenzake. Muulize kama wenzake hao walikutwa na pikipiki. Mtu anayepigwa nyayo hutaja jina lolote litakalosimamisha rungu, la jirani, la adui, hata la binamu yake. Padri mmoja Mjesuiti, Friedrich Spee, aliwaungamisha watu waliohukumiwa kwa uchawi huko Ujerumani. Mwaka 1631 kitabu chake kilichapishwa bila jina lake, kikisema kwamba kwa mateso yale hata majaji wenyewe wangekiri kuwa wachawi. Wakenya hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Washtakiwa wengi wa Mwakenya walifikishwa mahakamani jioni, saa za kazi zikiwa zimekwisha, bila wakili, wakakiri na kufungwa. Mwezi Julai 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 walioteswa Nyayo House walipwe fidia, na fedha hizo ni za mlipa kodi, yaani wewe.

Tena kaka yako anaijua sheria kuliko anavyokubali. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakataza mateso ya mwili na ya akili. Kifungu cha 25 kinasema haki hiyo ni miongoni mwa zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, labda muda huo uishie siku ambayo mahakama haifanyi kazi. Ungamo la mshukiwa halikubaliwi kama ushahidi mpaka litolewe mbele ya hakimu au jaji, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo, akiwepo mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kwa hiyo siku zile tatu na rungu lile havikujenga kesi. Vimeiharibu. Ikiwa kijana aliiba kweli, wakili wake ana silaha ya kumtoa. Na ikiwa hakuiba, mwizi wa pikipiki bado anatembea.

Naisikia sauti nyingine katika barua yako, ile ya moyoni: lakini ni mwizi. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa wengi wetu tunayo. Hakuna anayeunga mkono mateso ya mtu mwema. Tunaunga mkono mateso ya jambazi, ya gaidi, ya aliyembaka mtoto. Tatizo ni kwamba anayeamua kuwa huyu ni jambazi ni yule yule mwenye rungu, na anaamua kabla ya hakimu kusikia neno. Ruhusa hii ni moto wa nyika, haumuulizi mwenye shamba jina lake. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa Homa Bay kwa ajili ya maandishi ya mitandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Hakuwa ameiba pikipiki ya mtu. Taarifa ya kwanza ilisema alijigonga kichwa ukutani; uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hajiletei mwenyewe. Wazee wetu walikwisha kusikia maelezo ya aina hiyo. Mwezi Machi 1959 wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, serikali ya kikoloni ilitangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ni sehemu ya mateso yenyewe, na huwa na wasikilizaji tayari pale ambapo watu wamezoea kucheka.

Sasa kaka yako. Umeniuliza umfanyeje, nami nakuambia mpende vizuri zaidi kuliko ulivyompenda siku ya Pasaka. Karo aliyolipa ni deni la kweli. Lilipe kwa kumtembelea, kwa kumuuguza akiugua, kwa kuwa mama wa pili kwa watoto wake. Usililipe kwa dhamiri yako, kwani hiyo si mali unayoweza kuikopesha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapa wa kulia ni yeye na wewe pamoja. Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017 inampa aliyetesa kifungo cha hadi miaka 25, na kifungo cha maisha aliyeteswa akifa. Akisema aliagizwa na mkubwa wake, mwambie kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1997, unakataa utetezi huo waziwazi, kama unavyokataa utetezi wa vita au hali ya hatari.

Na asidhani muda utamsahaulisha mtu. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa Wakenya 5,228 walioteswa miaka ya 1950. Waliolipwa walikuwa vikongwe, na bado walikumbuka nani alifanya nini, kambi gani.

Mpe pia mfano wa askari. Arthur Young aliletwa kutoka London mwaka 1954 kuwa mkuu wa polisi wa Kenya katikati ya vita vya Mau Mau. Alipoanza kuchunguza ukatili wa vikosi vya serikali, gavana akamwekea vizuizi. Young hakumaliza hata mwaka. Alijiuzulu, na barua yake ya kujiuzulu ikafichwa kwa miaka mingi. Alikuwa mkubwa, kaka yako ni mdogo, najua. Kujiuzulu kwa mwenye watoto shuleni si neno la kutamkwa kirahisi. Lakini kati ya kujiuzulu na kushika rungu kuna nafasi pana: kukataa zamu ya mahojiano, kuandika matukio kwenye OB, daftari la matukio la kituo, kama yalivyotokea, kumpeleka mshukiwa kortini kwa wakati, kuomba uhamisho. Askari wanaofanya hivyo wapo, na hawasimuliwi mezani.

Usimpigie simu tena. Mfuate kwake, siku ya mapumziko, mkiwa wawili. Mwambie maneno mafupi yasiyo na mahubiri: "Kaka, siku ile nilicheka, na sikupaswa kucheka. Nakupenda, na alichofanyiwa yule kijana ni kibaya. Sitaki kukusikia ukijisifia tena nyumbani kwangu, na nataka uache." Kisha nyamaza umsikilize. Huenda akakufokea. Huenda pia akakuambia mambo ambayo hajamwambia hata mke wake, kwa sababu kazi hiyo huwaachia wengine ndoto mbaya na pombe. Akikuambia, msaidie apate mshauri nasaha, lakini usimwahidi siri.

Usimwahidi siri kwa sababu katika barua yako kuna mtu wa nne. Umejieleza wewe, umemweleza kaka yako na binti yako. Kijana asiyeweza kuvaa viatu umempa sentensi mbili. Ana mama pia, na huenda mama huyo yuko kanisani kama wewe, akiambiwa aombee amani ya familia. Wajibu wako mkubwa uko kwake. Mtafuteni aliko, iwe ni rumande au nyumbani. Ikiwa hajatibiwa, apelekwe hospitali, daktari aandike alichokiona, na fomu ya polisi ya majeraha, P3, ijazwe. Majeraha hupona, karatasi hubaki. Shirika la IMLU jijini Nairobi lina madaktari na mawakili waliobobea katika kesi za waliopigwa na vyombo vya dola. Malalamiko yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayoangazia utendakazi wa polisi, au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Si lazima anayelalamika awe ndiye aliyepigwa. Ukiogopa, omba jina lako lihifadhiwe.

Nitakuambia wazi maana yake: njia hii inaweza kumfikisha kaka yako mahakamani. Ndiyo maana nimesema umfuate kwanza yeye, ajue unachokusudia, apate nafasi ya kwenda mwenyewe kusema kweli na kuwataja waliokuwa naye. Ukoo wenu hautavunjwa na hilo. Ulianza kuvunjika siku mtu mzima alipojivunia kumtesa kijana na wazee wakacheka, na binti mmoja akaachwa aseme peke yake. Qurani inawaamuru waumini wasimamie haki hata dhidi ya nafsi zao na jamaa zao, na Injili yako haisemi kinyume. Undugu unaodai umtoe mtoto wa mwingine kafara unadai mno.

Kwa kikundi chako cha akina mama nina pendekezo moja. Kila tarehe 26 Juni dunia huadhimisha siku ya kuwaunga mkono walioteswa. Ombeni Jumapili iliyo karibu nayo muwaalike watu waliotoka seli wakiwa na majeraha, wazungumze wenyewe, na muwaalike wasioamini wanaofanya kazi hiyo nje ya kanisa. Wapo watakaosema mnawatetea wezi. Jibuni kwamba mnawataka wezi mahakamani, wakiwa wazima, na askari pia mahakamani wanapovunja sheria. Wewe uliyevunjiwa duka ndiye mwenye haki zaidi ya kulisema hilo, na hakuna atakayeweza kukuambia hujui uchungu wa kuibiwa.

La mwisho ni la binti yako. Usimwombe radhi kwa kumnunulia zawadi, wala usiligeuze jambo hili kuwa njia ya kumrudisha kanisani. Mwambie alisema kweli, na kwamba ulipaswa kuisema wewe kwanza. Kisha mwombe akusindikize kumtafuta mama wa yule kijana. Wewe utajua jinsi ya kubisha hodi kwa mwenye msiba; yeye amesoma, na atajua jinsi ya kuandika malalamiko. Nendeni wiki hii, kabla majeraha hayajafunga.